Kibera: Mtaa Mmoja, Mipaka Mingi

Watu wengi wasiokaa Nairobi wamelisikia jina la Kibera, na hata katika nchi za mbali jina hilo husomwa magazetini. Lakini mtu akiuliza Kibera yaanzia wapi na yaishia wapi, majibu hayafanani. Mzee wa Kinubi atanyosha mkono kuelekea mahali ambapo leo pana nyumba za mawe na nyua za maua, naye atasema kwamba zamani hapo pote palikuwa Kibra. Mpangaji ambaye wazazi wake walitoka Nyanza atakitaja kijiji chake, kisha reli, kisha mto. Karani wa serikali atafungua ramani na kuonyesha mstari. Kila mmoja wa hao watatu asema kweli kwa kadiri ajuavyo, lakini mipaka yao hailingani.

Jambo hili si la maneno matupu. Katika mji mkubwa, mpaka ndio uamuao ni nani atakayejengewa barabara na ni nani atakayebomolewa nyumba ili barabara ipite. Ndio uamuao pia ni nani atakayeitwa mwenyeji na ni nani atakayeitwa mgeni. Kwa hiyo yafaa kueleza mipaka ya Kibera ilitoka wapi, ni nani aliyeiweka, na kwa sababu gani imekuwa ikisogea.

MAHALI KIBERA ILIPO

Kibera iko upande wa kusini-magharibi wa Nairobi, mwendo wa kilomita tano au sita hivi kutoka katikati ya mji. Upande wa kaskazini pana uwanja mkubwa wa golf na mtaa wa Woodley. Upande wa mashariki yapita barabara ya Mbagathi. Upande wa kusini kuna mto Motoine, nao huingia katika Bwawa la Nairobi; ng'ambo ya bwawa ni Lang'ata. Upande wa magharibi, mtu akisha kuipita mitaa ya Olympic na Ayany, hufika penye msitu wa Ngong Road.

Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 ili liwe akiba ya maji ya mji. Miaka ilipopita likajaa tope, taka na magugu maji, hata sehemu kubwa yake ikaonekana kama shamba bichi wala si maji. Hata hivyo watu wa upande wa kusini wa Kibera wangali wakilitumia kuwa alama. Mwenyeji akimwelekeza mgeni, humwambia ateremke mpaka alione bwawa, ndipo ajue kwamba amefika mwisho wa mtaa.

Uwanja wa golf nao ni alama ya namna nyingine. Upande mmoja wa ua pana majani yaliyokatwa vizuri na miti mirefu. Upande wa pili mabati ya nyumba yameshikana hata mtu aliye juu haioni ardhi. Hapana mpaka mwingine katika Nairobi uonekanao wazi kuliko huo.

JINA NA WATU WALIOLILETA

Neno Kibra ni la lugha ya Kinubi, na maana yake ni msitu. Wanubi wa Kenya asili yao ni askari wa Sudan waliokuwa chini ya Emin Pasha katika sehemu za juu za mto Nile. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza, aliwaandika wengi wao kazi ya uaskari na kuwaleta Uganda. Baadaye, jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, askari hao na watoto wao waliingizwa humo. Walipigana mbali na nchi walikozaliwa, wakaoa katika nchi walizopita, na lugha yao, yenye asili ya Kiarabu, ikachanganyika na maneno ya watu waliokaa nao.

Askari alipomaliza utumishi wake hakuwa na kwao pa kurudi. Basi tangu mwaka 1904 jeshi lilianza kuwakalisha wazee hao na jamaa zao katika msitu uliokuwa kando ya mji wa Nairobi, mji ambao wakati huo haukutimiza hata miaka kumi. Walifyeka, wakajenga, wakalima na kufuga. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi kwamba ekari 4,197 za mahali hapo ni ardhi ya jeshi. Huo ndio mpaka wa kwanza wa Kibera ulioandikwa, na ndio mpaka ambao wazee wa Kinubi huukumbuka mpaka leo.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Askari mzee alipewa cheti cha ruhusa ya kukaa na kulima. Cheti hicho hakikuwa hati ya ardhi. Yeye na watoto wake walidhani kwamba wamelipwa shamba kwa ajili ya kazi ya vita. Serikali kwa upande wake iliona kwamba imewaazima mahali. Kutoka katika tofauti hiyo ndogo ya karatasi yakaja mashaka yote yaliyofuata.

MIPAKA YAPUNGUA

Mwaka 1928 usimamizi wa Kibera ulitoka mikononi mwa jeshi ukaingia mikononi mwa serikali ya kiraia. Halafu tume ya ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, iliyoteuliwa mwaka 1932, iliichunguza habari ya Wanubi. Katika taarifa yake ya mwaka 1934 ilisema kwamba hao ni wapangaji tu wa serikali, wawezao kuondolewa. Ila kwa haki, wakiondolewa, watafutiwe mahali pengine na kulipwa fidia ya nyumba zao. Tangu wakati huo mashauri ya kuwahamisha yalizuka mara kwa mara, wala hayakutimizwa kikamilifu. Wanubi walikaa, lakini walikaa bila hati, na kwa hiyo walijenga kwa fito na udongo, si kwa mawe.

Wakati huohuo mji ulikuwa ukikua. Kila ulipotaka nafasi ulitazama upande ule ambao wenyewe hawakuwa na karatasi. Mitaa ya nyumba za kudumu ikajengwa kandokando, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 mitaa hiyo ikaongezeka. Mashamba yakawa viwanja, na viwanja vikawa mitaa yenye majina mapya. Watu walioingia humo hawakujiita watu wa Kibera. Hivyo Kibera ilipungua bila kusogea. Mahali ni palepale, lakini jina liliondolewa kipande baada ya kipande.

Ilikuwa mwezi wa Juni mwaka 2017, baada ya zaidi ya miaka mia moja, jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa na Rais Uhuru Kenyatta hati ya ardhi ya pamoja. Eneo lililoandikwa katika hati hiyo ni ekari 288. Msomaji akiligawanya eneo lile la mwaka 1918 katika sehemu kumi na nne, hati hii haifikii hata sehemu moja. Wako waliofurahi kwa kuwa mwishowe wamepata kitu kilichoandikwa, na wako waliosikitika kwa ajili ya kile kilichokwisha kwenda. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MAJINA YA VIJIJI

Mtu wa Kibera akiulizwa na mwenziwe wa Kibera anakaa wapi, hajibu "Kibera". Hukitaja kijiji. Vijiji vyenyewe ni zaidi ya kumi, navyo ni kama Kianda, Gatwekera, Raila, Kisumu Ndogo, Makina, Kambi Muru, Mashimoni, Lindi, Laini Saba, Silanga, Kichinjio, Soweto Magharibi na Soweto Mashariki. Hesabu haipatani, maana kijiji kikijaa hugawanyika, na kipande chake kikajipatia jina.

Majina hayo ni kama kitabu cha habari za mahali, ila lazima mtu ajue kuyasoma. Laini Saba ni jina la wakati wa askari. Wenyeji husimulia kwamba latokana na mistari ya uwanja wa kulengea shabaha. Mashimoni na Kichinjio ni majina yanayojieleza yenyewe. Silanga ni neno litumiwalo na watu wengi wa Kenya kwa maana ya bwawa, na kijiji hicho kiko karibu na Bwawa la Nairobi. Kisumu Ndogo lilitolewa na watu walioukumbuka mji ulio kando ya Ziwa Victoria. Soweto ni jina la mtaa mashuhuri wa Waafrika huko Johannesburg. Na kijiji cha Raila kilipewa jina la Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata tangu mwaka 1992 hata mwaka 2013, wakati Kibera ilipokuwa ndani ya jimbo hilo.

Basi katika majina hayo askari yumo, umbo la nchi limo, nyumbani kwa mbali kumo, na siasa imo. Hapana ofisi iliyoyaweka. Watu waliyatamka, wengine wakayafuata, na baada ya miaka yakaandikwa katika barua za serikali kana kwamba yalikuwako tangu zamani.

Mipaka ya vijiji nayo haina nguzo wala vibao. Pengine ni mtaro wa maji machafu, pengine ni njia ya miguu, pengine ni kijito kinachoteremkia Motoine. Mgeni hawezi kuiona, bali mtoto aliyezaliwa humo ajua ni hatua ipi itakayomtoa Lindi na kumwingiza Silanga.

RELI NA ALAMA NYINGINE

Alama kubwa kuliko zote ndani ya Kibera ni reli iendayo magharibi ya Kenya. Yapita katikati ya nyumba, na kwa siku nzima ni njia ya watu wa miguu. Asubuhi wafanyakazi huifuata. Jioni kandokando yake huuzwa samaki, mboga, makaa na nguo za mitumba. Garimoshi likipiga honi, wachuuzi huvuta bidhaa zao upande, nalo likisha kupita huzirudisha. Watu huelekezana kwa kusema juu ya reli na chini ya reli, kama vile watu wa vijijini wasemavyo juu ya mlima na chini ya mlima.

Alama nyingine ni msikiti wa Makina, unaokumbusha dini ya waanzilishi wa mtaa. Soko la Toi, upande wa kaskazini, ambako watu wa Nairobi nzima huenda kununua mitumba. Shule ya Olympic. Na uwanja wa Kamukunji, ambapo mikutano mingi ya siasa imefanyika. Kila alama hukusanya watu wa namna yake, na mtu apitaye katika hizo zote kwa siku moja ameiona Kibera vizuri kuliko yule aliyeitazama kutoka juu ya kilima.

KIBERA AU KIBRA?

Wanubi husema Kibra. Watu wa lugha nyingine, waliozoea kutia irabu kati ya konsonanti mbili, wakasema Kibera, na serikali ikaandika hivyo kwa miaka mingi. Kwa uchaguzi wa mwaka 2013 jimbo jipya lilikatwa kutoka Lang'ata, likaitwa Kibra. Hivyo jina la zamani likarudi, lakini kwa mpaka mwingine. Jimbo hilo lina kata tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, na Woodley pamoja na Kenyatta Golf Course. Kwa hiyo mkaazi wa nyumba ya mawe ya Woodley na mkaazi wa chumba cha udongo cha Lindi humchagua mbunge mmoja, ijapokuwa yule wa kwanza pengine hatakubali kuambiwa kwamba anakaa Kibera.

KUHESABU WATU NA KUCHORA RAMANI

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Kibera ina watu laki tano, wengine wakasema milioni moja. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipotolewa, ilionyesha watu 170,070 katika eneo lililohesabiwa kuwa Kibera. Watu walishangaa, na mabishano hayajaisha. Lakini sehemu moja ya mabishano hayo ni ya mipaka. Mwenye kuhesabu vijiji tu hupata jibu moja. Mwenye kuongeza mitaa ya kandokando hupata jibu jingine. Kabla ya kuuliza watu ni wangapi, sharti kwanza wapatane ni mahali gani panapohesabiwa.

Mwaka huohuo wa 2009, mwezi wa Novemba, vijana wa Kibera walianza kazi ya kuchora ramani ya mtaa wao, katika mpango ulioitwa Map Kibera. Kabla ya hapo ramani zilizopatikana kwa watu wote hazikuonyesha shule, vioski vya maji, zahanati wala njia za ndani. Mahali penye maelfu ya watu palikuwa kama pori tupu. Vijana hao walitembea kwa miguu na vyombo vidogo vinavyopokea ishara za setilaiti, wakaandika kila choo, kila mfereji, kila kanisa na msikiti. Ramani hiyo haikumpa mtu ardhi, lakini iliondoa lile neno la kwamba hapana kitu.

BARABARA YA MWAKA 2018

Faida na hasara za mpaka zilionekana wazi mwezi wa Julai mwaka 2018. Barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilikuwa imepangwa kupita katikati ya Kibera. Tarehe 23 ya mwezi huo matingatinga yaliingia, na nyumba za maelfu ya watu pamoja na shule kadhaa zikabomolewa, kabla mpango wa kuwatafutia waliohamishwa mahali pengine haujamalizika. Barabara yenyewe ilihitajiwa. Mji uliosongamana hauwezi kwenda bila njia. Lakini mstari uliochorwa mezani ulipofika chini ulikutana na vitanda, vyungu na madaftari ya watoto wa shule.

Wengi wa waliobomolewa walikuwa wapangaji wa chumba kimoja, futi kumi kwa kumi hivi. Hawakuwa na hati, na mara nyingi hata mwenye nyumba hakuwa nayo, maana tangu zamani nyumba nyingi za Kibera zilijengwa kwa ruhusa ya mdomo au ya chifu. Mtu wa namna hiyo akiulizwa kitu gani kinachoonyesha kwamba mahali hapo ni pake, hana la kuonyesha ila majirani.

MWENYEJI NI NANI?

Hivi leo Wanubi ni wachache ndani ya Kibera. Walio wengi ni Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengineo, na wengi miongoni mwao wamezaliwa humo. Kwa sababu hiyo pana madai mawili. Mnubi husema, babu zangu walifyeka msitu huu, na sina kijiji kingine Kenya nzima. Mpangaji husema, nimezaliwa hapa, nimelipa kodi hapa, na watoto wangu hawajui pengine. Madai hayo yaligongana mwaka 2001, wakati wa ugomvi wa kodi za nyumba uliomwaga damu. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mitaa ya Kibera ilipasuka kwa makabila. Watu walihama kutoka kijiji kimoja hata kingine ili wawe karibu na wa kabila lao, na mwezi wa Januari 2008 reli yenyewe iling'olewa.

Wanubi nao wamepata taabu ya pekee. Kwa miaka mingi vijana wao walipoomba vitambulisho walitakiwa kuthibitisha kwamba ni Wakenya, kwa kuwa hawakuwa na wilaya ya asili ya kuitaja. Mwezi wa Machi mwaka 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi katika jambo la uraia. Hapo mtu aweza kuona jinsi habari ya mpaka wa shamba inavyoweza kugeuka kuwa habari ya mpaka wa taifa.

Lakini baada ya fujo reli ilirudishwa, na wachuuzi wakarudi kando yake. Mitihani ikafanywa, watoto wa makabila yote wakaketi dawati moja, na vijana wakaendelea kusema kwa majivuno kwamba wao ni wa Laini Saba au wa Gatwekera, bila kutaja kabila. Katika mechi ya mpira kijiji hupambana na kijiji. Lakini mtu wa mtaa mwingine akiidharau Kibera, hao waliokuwa wakishindana humjibu kwa sauti moja.

Mgeni aendaye Kibera kwa mara ya kwanza asitosheke na jina la mtaa. Na aulize kijiji, aulize ni juu ya reli au chini yake, na aulize alama iliyo karibu, iwe msikiti, shule au soko. Na mwenyeji, awe Mnubi au mpangaji, ni heri aiweke vizuri kila karatasi inayotaja mahali anapokaa: risiti ya kodi, kadi ya kliniki ya mtoto, barua ya shule, na jina la kijiji kama liandikwavyo katika ramani ya vijana. Askari mzee wa mwaka 1904 alidhani cheti chake chatosha, na wajukuu zake walingoja miaka 113 kupata hati.